Maswali yenu kuhusu hesabu za hewa ukaa za makampuni makubwa

Ripoti zinataja Wigo 1, 2 na 3. Ndiyo nini?

Wigo 1 ni gesi zinazotoka kwenye mali ya kampuni yenyewe: boila, jenereta, magari, matanuri. Wigo 2 ni umeme inaonunua. Wigo 3 ni yote yaliyobaki, kuanzia malighafi hadi mteja anapoitumia bidhaa na kuitupa. Mgawanyo huu umetoka kwenye mwongozo wa mwaka 2001 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto. Kanuni za kina za Wigo 3, zenye mafungu 15, zilifuata mwaka 2011.

Mbona wengi wanaukwepa Wigo 3?

Kwa sababu mara nyingi mzigo mkubwa uko huko. Chukua kampuni ya mafuta: gesi nyingi hutoka pale mteja anapochoma petroli, si pale inapochimbwa na kusafishwa. Ikiripoti Wigo 1 na 2 tu, itaonekana safi kupita kiasi. Utetezi wao ni kwamba takwimu hazipatikani, na hapo wana hoja kiasi. Wagavi wengi hawapimi chochote, kwa hiyo kampuni huchukua fedha ilizowalipa na kuzizidisha kwa wastani wa sekta. Matokeo yake ni vituko: bei ya chuma ikipanda, hewa ukaa nayo "hupanda" kwenye karatasi, na anayehamia kwa mgavi msafi lakini ghali huonekana amechafua zaidi. Hata hivyo, mimi napokea makadirio yaliyoelezwa wazi kuliko ukurasa mtupu.

Kampuni ikisema umeme wake wote ni jadidifu, niamini?

Huenda imenunua tu vyeti vya umeme jadidifu uliozalishwa kwingine, huku gridi inayoihudumia ikiendelea kuchoma makaa ya mawe. Tangu mwaka 2015 mwongozo wa GHG Protocol unataka hesabu mbili: moja kwa wastani wa gridi inayoihudumia kampuni, nyingine kwa mikataba na vyeti ilivyonunua. Zilinganishe.

Si wapande miti tu, yaishe?

Hapana. Kiwango cha mwaka 2021 cha SBTi, taasisi inayokagua malengo ya hewa ukaa ya makampuni, kinazitaka kampuni nyingi zipunguze angalau asilimia 90 kwanza, ndipo zishughulikie mabaki.

Wamepunguza asilimia 30 kwa kila tani ya bidhaa. Tuwapongeze?

Uliza wamezalisha tani ngapi. Uzalishaji ukiongezeka maradufu, jumla ya gesi imepanda asilimia 40. Angalia pia mwaka wa msingi, yaani ule wanaojilinganisha nao: kampuni ikiuza kiwanda kikubwa, inapaswa kukokotoa upya gesi za mwaka huo, la sivyo uuzaji utahesabiwa kama mafanikio.

Kiwanda cha saruji kikifunga paneli za jua, kimetatua tatizo?

Kimegusa pembeni tu. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye chokaa yenyewe inapookwa kuwa klinka (madonge yanayosagwa kuwa saruji), hata moto ukiwa safi namna gani. Kwenye ripoti yake, tafuta kwanza uwiano wa klinka katika saruji na jinsi ulivyobadilika mwaka hadi mwaka.