Ninavyojaribu maeneokazi na matoleo ya majaribio ya Linux bila kusimamisha kazi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana nami niliwahi kuwa nalo. Unasema una laptopu moja ya ramu ya 4GB, ina mfumo wa Linux Mint wenye eneokazi la Cinnamon (eneokazi ni ile sura ya mfumo unayoiona na kuibonyeza kwenye skrini), ndiyo hiyo hiyo ya ofisini. Unataka kuonja maeneokazi mengine, KDE Plasma na Xfce, halafu uonje na toleo la majaribio kabla halijatoka rasmi, na unauliza kama uvirundike vyote juu ya mfumo ulionao. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Nina steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Malimbe wanaokuja kuprinti na kubaindi, na tangu 2019 mashine zangu zote ni Linux.

Jibu lenyewe ni kwamba hayo ni majaribio mawili, usiyafanye kwa pamoja. Eneokazi jipya lijaribu ndani ya akaunti mpya ya mtumiaji. Toleo la majaribio liweke kwenye diski nyingine kabisa. Ukiyachanganya, siku kitu kikigoma hutajua kimegomeshwa na nini, na nimeona watu wazuri tu wakiiacha Linux kwa sababu hiyo, wakiamini ndiyo mbovu.

Nianze na eneokazi. Menyu, paneli ya chini, namna madirisha yanavyofunguka, programu ya kutazama faili, vyote hivyo ni tabaka la juu tu. Chini yake keneli (kiini cha mfumo) ni ile ile, printa ni ile ile, LibreOffice ni ile ile. Unaweza kuwa na maeneokazi matatu kwenye mashine moja, na kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nywila, ukabonyeza kialama cha sesheni na kuchagua la leo. Hadi hapo ni raha. Ugumu ni kwamba mipangilio ya yote hayo inakaa sehemu moja, ndani ya folda zilizofichwa za nyumbani kwako, hasa .config na .local. Kila eneokazi linaandika humo, na mengine yanaandika hadi kwenye mafaili ambayo jirani yake naye anayasoma.

Mimi nilijifunza hilo mwaka 2021. Nilikuwa na Mint ya Cinnamon kwenye mashine ya kaunta, nikaweka kde-plasma-desktop, yaani Plasma, juu yake, nikaingia kwa akaunti yangu ya kila siku. Plasma niliipenda kweli, niliikalia wiki nzima. Niliporudi Cinnamon nikakuta rangi za programu zimebadilika, aikoni nyingine za huku nyingine za kule, maandishi kwenye baadhi ya madirisha hayasomeki kwa kuwa yamekuwa meupe juu ya kijivu. Menyu ikawa na programu mbili za kila kazi: mbili za kuandika maandishi mepesi, mbili za kutazama faili, mbili za kufungua picha. Pochi ya nywila nayo zikawa mbili, kila moja ikidai nywila yake ninapounganisha waifai. Mdogo wangu anayenisaidia kaunta akawa hajui abonyeze ipi, na mteja amesimama na flashi mkononi.

Nikaiondoa kwa amri ya sudo apt purge kde-plasma-desktop (apt ndiyo inayoweka na kuondoa programu), nikidhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu jina hilo ni la paketi (furushi la programu) inayozivuta nyingine tu. Ukiifuta, yale mamia iliyoyavuta yanabaki hadi uyafuate kwa apt autoremove, na hata hapo mengine yanabaki. Kilichoniokoa ni faili /var/log/apt/history.log. Humo apt huandika kila paketi iliyoingia, tarehe na saa. Nilikaa nayo jioni nzima nikiondoa moja moja. Sasa kabla ya kuweka eneokazi lolote naandika tarehe na saa kwenye daftari, ili nijue pa kuanzia nikitaka kulitoa.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Kwanza piga picha ya mfumo, yaani nakala ya kuurudisha ulivyokuwa, kwa Timeshift, ambayo kwenye Mint ipo tayari. Elewa kwamba kwa mipangilio yake ya kawaida Timeshift inarudisha mfumo, haigusi mafaili yako ya nyumbani. Hati zako zinakilishe kwenye diski ya nje. Pili, tengeneza mtumiaji mpya: sudo adduser jaribio. Tatu, weka eneokazi moja tu, xfce4 kwa mfano. Wakati wa kuweka Plasma huenda ukaulizwa nani asimamie skrini ya kuingilia, lightdm au sddm. Chagua lightdm uliyokuwa nayo, usibadilishe vitu viwili siku moja. Kisha toka, ingia kama jaribio, chagua sesheni mpya. Akaunti yako ya kazi haijaguswa. Ukichoka, sudo deluser --remove-home jaribio inafuta mtumiaji na mipangilio yake yote. Programu za ziada zitaendelea kuonekana kwenye menyu hadi uziondoe, ila ule mchanganyiko wa rangi na pochi mbili hautakufika.

Na ulipe eneokazi muda. Dakika ishirini hazitoshi kuhukumu chochote, ndani ya muda huo unatazama uzuri tu. Mimi natoa wiki mbili za kazi halisi: kuskani vitambulisho, kuprinti kurasa 80 za risechi, kuhamisha picha kutoka kwenye simu, kuongeza skrini ya pili. Huko ndiko unakogundua kuwa eneokazi hili halikumbuki printa ya mwisho uliyotumia, au lile linafungua flashi kwa hatua moja badala ya tatu.

Kuhusu uzito, maana najua 4GB ndiyo inayokusumbua. Nilipima kwa free -h, amri inayoonyesha ramu iliyotumika, mara baada ya kuwasha, mashine ile ile: Xfce ilikaa karibu na 600MB, Plasma karibu na 800MB, Cinnamon karibu na 900MB. Kwako zitatofautiana, lakini angalia pengo lenyewe, halizidi 300MB. Fungua kivinjari chenye kurasa nne, barua pepe moja na video moja, pengo lote limekwisha. Watu wanabadilisha eneokazi mara tano wakitafuta kasi ambayo haipo huko. Kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, hela ya kwanza iende kwenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), hata ya 120GB. Nilifanya hivyo kwenye mashine ya kaunta na Cinnamon ile ile ikawa kama nimenunua kompyuta nyingine. Baada ya hapo chagua eneokazi kwa namna unavyofanya kazi. Mimi nimebaki na Xfce kaunta kwa sababu halibadiliki-badiliki, mtu mpya anaielewa siku ya kwanza, na nyumbani natumia Plasma.

Sasa twende kwenye matoleo ya majaribio, ambayo ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Wavuvi wa Kayenze wakifunga mashine mpya kwenye mtumbwi huzunguka nayo karibu na ufuko kwanza, wanasikiliza mlio, ndipo wakifikirie kisiwa cha Ukara. Hivyo ndivyo ninavyoyatumia. Nina laptopu ya zamani ambayo ikifa usiku huu, kesho steshenari inafunguliwa kama kawaida. Kama huna mashine ya pili, nunua SSD ndogo ya nje au flashi nzuri ya 64GB na usakinishe humo. Kubana patisheni (kipande cha diski) kwenye diski ya kazi inawezekana, ila ujue mfumo unaosakinishwa mwisho kwa kawaida ndio unaoshika hatamu za kuwasha mashine. Nilishawahi kufuta patisheni ya majaribio Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi mashine ikaniletea maneno grub rescue na wanafunzi wako mlangoni. Ilibidi nibuti, yaani niwashe mashine, kwa flashi na kurudisha upya grub, programu inayoanzisha mfumo. Jambo jingine, usitumie folda moja ya nyumbani kwa mifumo miwili. Kivinjari cha Firefox kikishafunguliwa kwa toleo jipya, toleo la zamani linakataa kufungua wasifu (mipangilio na kumbukumbu zako) ule ule, linakutaka uanze mpya.

Mwaka 2024 ndio ulionifundisha zaidi. Laptopu ya majaribio ilikuwa na Debian, mfumo mwingine wa Linux, tawi la Sid, lile ambalo paketi mpya huingia kwanza. Zikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa zinahamia tawi la majaribio, na baadaye sana ndipo zinafika toleo thabiti. Mwezi Machi Debian walikuwa wanabadilisha namna mfumo unavyohesabu muda, ili mashine za biti 32 zisikwame ifikapo tarehe 19 Januari 2038. Laibrari nyingi (vipande vinavyotumiwa na programu mbalimbali) zilibadilishwa majina, zikaongezewa t64 mwishoni, na kwa wiki kadhaa zilikuwa hazijaafikiana. Mimi husasisha usiku kwa bando la usiku. Nikaandika apt full-upgrade, orodha ndefu ikaja, nikabonyeza Y bila kusoma. Katika orodha hiyo kulikuwa na sehemu ya paketi zitakazoondolewa, na Plasma nzima ilikuwa humo. Asubuhi nikapokelewa na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Kwenye tawi kama lile soma mistari ya kuondoa kabla ya mistari ya kuongeza, na ukiona eneokazi lako limo, jibu ni n, subiri siku tatu. Apt upgrade ya kawaida haiondoi paketi, ndiyo ninayoitumia siku za mtikisiko kama ule.

Nilikuwa bado naikarabati ilipofika Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, Andres Freund akatangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kumefichwa mlango wa siri wa kupenyea kwa njia ya ssh, inayotumika kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Nikaenda kuangalia laptopu ya majaribio: 5.6.1. Nikakimbilia mashine ya kaunta: Mint, xz 5.2.5, salama. Toleo thabiti la Debian nalo lilikuwa na 5.4.1. Debian wakairudisha Sid nyuma kwa paketi yenye namba niliyoipenda, 5.6.1+really5.4.5. Laptopu ile nikaifuta yote na kuanza upya, nikabadilisha na nywila zilizowahi kutumika humo. Ndiyo maana nasisitiza diski nyingine, na kwenye mfumo wa majaribio usiingie akaunti ya benki wala ya pesa za simu.

Lakini angalia ule mlango uligunduliwaje. Freund ni mwandishi wa programu wa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, alikuwa anatumia Debian Sid, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula kichakato kuliko kawaida. Nusu sekunde tu! Akafuatilia hadi mwisho. Angekuwa ametulia kwenye toleo thabiti kama mimi kaunta, kitu kile kingeweza kushuka hadi kwenye seva za dunia nzima. Tangu siku hiyo sijaribu tena kwa hamu ya vipya peke yake. Najaribu huku nikisikiliza.

Na sisi wa huku tuna vya kusikiliza ambavyo wengine hawanavyo. Toleo moja la majaribio lilikuwa haliioni modemu yangu ya USB. Modemu hizi zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski yenye draiva, kisha mfumo unazigeuza kuwa modemu, pale hazikugeuka. Wenye intaneti ya waya nyumbani hawawezi kuliona hilo. Niliripoti, nikaambatanisha matokeo ya lsusb (orodha ya vifaa vya USB) kabla na baada ya kuchomeka, nikaambiwa nijaribu marekebisho, baada ya wiki chache ikakubali. Kuripoti hakuhitaji ujuzi wa kuandika programu. Kwenye Debian tumia reportbug, kwenye Ubuntu ubuntu-bug. Sema ulifanya nini, ulitegemea nini, kimetokea nini. Kama mashine iliganda ukaizima kwa kitufe, ukiwasha tena andika journalctl -b -1, inakuonyesha kumbukumbu za kabla ya kuzima. Vivyo hivyo umeme ukikatika katikati ya kusasisha, na huku kwetu unajua: anza na sudo dpkg --configure -a, inayomalizia paketi zilizokwama, kabla ya kitu kingine.

Bando lisikutishe sana. Picha za kila siku za Ubuntu, yaani mafaili ya kusakinishia, zinaweza kusasishwa kwa zsync, ambayo inavuta sehemu zilizobadilika tu badala ya gigabaiti zote upya. Ukiwa na mashine mbili zenye mfumo mmoja, paketi zilizopakuliwa kwa apt-get hubaki /var/cache/apt/archives, zihamishe kwa flashi. Na kama unalenga Ubuntu, ambayo hutoka Aprili na Oktoba, subiri beta ya wiki za mwisho. Kwa mtu wa mara ya kwanza matoleo ya kila siku ya mwanzo yatakuchosha bure.

Kwa hali yako ningeanza Jumamosi hii na Timeshift, akaunti ya jaribio na Xfce. Plasma iache hadi wiki mbili zipite. Toleo la majaribio liwe la mwezi ujao ukishapata diski ya nje, na kabla ya kusakinisha libuti kwanza kutoka kwenye flashi uangalie waifai, sauti, printa, na kama mashine inaamka vizuri ukifunga na kufungua mfuniko. Kasi usiihukumu hapo, flashi ni nzito. Siku ya kusakinisha, weka hapa matokeo ya lsblk (orodha ya diski zako) kabla hujabonyeza popote, nitakuangalizia diski ipi ni ipi.