Ukungu wa Lamu si wa Limuru

Dada, umeuliza mbona ukungu wa Lamu hauwi mzito kama wa Limuru. Limuru iko juu, zaidi ya mita 2,000. Mara nyingi unachokiona kule ni wingu lenyewe limegusa mlima. Kwetu bahari hubaki vuguvugu usiku kucha, hewa haipoi vya kutosha. Wataalamu wa hali ya hewa huuhesabu kuwa ukungu kamili pale tu usipoona umbali wa kilomita 1.

Wetu ni ule mwembamba wa alfajiri, upepo umetulia, umelala chini juu ya mikoko upande wa kisiwa cha Manda. Mashua hutokea humo tanga kwanza, chombo baadaye. Wallahi naupenda kuliko machweo! Toka mapema lakini, jua likipanda kidogo umeshayeyuka.