Acha rangi itangulie: kwa wanaochora mandhari ya Mtwara

Vijana wanaochora huku kwetu huniuliza nilitokaje kwenye mitumbwi na minazi hadi picha zisizo na mtumbwi wala mnazi. Nawajibu kwamba nilizidisha kutazama. Ukitaka kuelekea sanaa dhahania, yaani picha zisizoonyesha kitu halisi, usianze kwa kufuta vitu. Shughulika na rangi, vitu vitajiondokea vyenyewe.

Chagua mahali pamoja, ung'ang'anie hapo. Kwangu mimi ni majaruba ya chumvi, vibwawa vya kukaushia maji ya bahari, ghuba ya Mikindani. Alfajiri maji huwa ya kijivu kilichoingia zambarau, na matuta kati ya jaruba na jaruba ni meusi tii. Jua likipanda, maji yanakuwa meupe ya kuumiza macho, tuta linashika wekundu wa matofali. Jioni ukingo hauonekani tena: kuna mkanda wa rangi ya chungwa, mkanda wa bluu, na katikati uzi mwembamba unaotetemeka. Nilipoanza kuufuata uzi huo, mikoko ikapungua yenyewe kwenye turubai, kisha matuta.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliyachora marundo ya nafaka shambani huko Ufaransa, hasa mwaka 1890 na 1891, akibadilisha mwanga tu. Mwaka 1896 Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa sanaa dhahania, aliiona moja ya picha hizo Moscow, asitambue ni rundo mpaka aliposoma orodha ya maonyesho. Rangi zilimganda akilini. Kuanzia 1908, akichora Murnau, Ujerumani, milima na nyumba zake zikazidi kuwa mabaka ya rangi. Lakini milima ilitangulia, na hilo vijana wengi huliruka.

Kwenye ufundi, nyeusi ya kopo iweke kando. Changanya bluu na chungwa, utapata kijivu chenye uhai. Ukitaka tuta la kahawia liwe zambarau, fumba macho nusu kwanza upime giza lake. Zambarau yako iwe na giza lilelile, na jicho litaikubali. Rangi za kuwaka zikijaa picha nzima, hakuna inayowaka.

Ukiambiwa haya ni mambo ya Wazungu, mwoneshe huyo vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa mawingu: mpingo uliopindwa na kutobolewa, bila sura ya mtu, nao unakushika.

Kabla ya kutia sahihi, mimi huigeuza picha juu chini. Rangi zikiendelea kushikana hivyo, naiacha ikauke.