Jibu: Nefertiti na ukuta wa kaburi la Tutankhamun

Ndugu, umeuliza kama Nefertiti, malkia wa Misri ya kale na mke wa farao Akhenaten, kafichwa nyuma ya ukuta wa kaburi la farao Tutankhamun, lenye namba KV62 katika Bonde la Wafalme. Hapana. Mtaalamu wa Misri ya kale Nicholas Reeves alitoa wazo hilo mwaka 2015 baada ya kuona, kwenye picha zilizopigwa za kuta hizo, mistari kama ya milango iliyozibwa. Kipimo cha kwanza cha rada, chombo kinachotuma mawimbi ukutani na kupokea mwangwi wake, kikadai kuna uwazi nyuma; cha pili, 2016, hakikuuona. Mwaka 2018 timu ya Francesco Porcelli wa Torino, Italia, ilipima upya kwa rada za masafa tofauti, ikahitimisha hakuna chumba. Kinachopotosha ni mwamba wenyewe: mawe ya chokaa ya bonde lile yana nyufa, na ufa hurudisha mwangwi unaofanana na wa ukuta.

Na yule "Bibi Mdogo", maiti iliyokaushwa ya kaburi KV35, ambaye wengine humwita Nefertiti? Uchunguzi wa DNA wa 2010 ulimwonyesha kuwa binti wa farao Amenhotep III na malkia Tiye. Nefertiti hakuna andiko linalomwita binti wa mfalme, na cheo kama hicho kisingeachwa.

Habari kwamba Nefertiti alitoweka mwaka wa 12 wa utawala wa Akhenaten nayo imepitwa: andiko la machimbo ya mawe ya Dayr Abu Hinnis, Misri, linamtaja akiwa malkia mkuu mwaka wa 16.