Maswali ya Wasomaji: Faida ya barabara huhesabiwaje?

SWALI: Mimi ni afisa mipango katika halmashauri mkoani Singida, shahada yangu ni ya takwimu. Nimepangiwa kusaidia kuandaa andiko la kuweka lami barabara ya changarawe. Vitabu vya uchumi wa usafirishaji nilivyopata vimejaa milinganyo, na wenzangu wananihimiza nianze na HDM-4, programu ya kompyuta ya kutathmini miradi ya barabara. Nianzie wapi?
Afisa Mipango

JIBU: HDM-4 iache kwanza. Ni programu nzuri na mamlaka nyingi za barabara huitumia, ila ukiilisha takwimu mbovu nayo itakupa jibu bovu lenye desimali za kuvutia. Kwa mtu wa takwimu, dhana za kuanzia ni chache na kikokotoo kinazitosha.

Shika kwanza gharama jumla ya safari, yaani nauli pamoja na muda uliogeuzwa kuwa fedha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, leo abiria analipa sh 3,000 na kukaa njiani saa 2. Saa moja tukiithaminisha kwa sh 2,000, safari inamgharimu sh 7,000. Baada ya lami nauli inashuka hadi 2,500 na muda hadi saa 1, jumla sh 4,500. Ameokoa sh 2,500.

Safari zilikuwa 1,000 kwa siku, zinatarajiwa kufika 1,400. Maandiko mengi huharibikia hapa: mwandishi huzidisha 1,400 kwa 2,500, akapata sh milioni 3.5. Wale 1,000 wa zamani ni kweli wanapata yote, sh milioni 2.5. Lakini wale 400 wapya hapo mwanzo waliona 7,000 ni ghali. Wa kwanza wao alibakiza kidogo tu asafiri hata kwa bei hiyo, kwa hiyo anafaidi karibu 2,500 nzima. Wa mwisho ameshawishika kwa taabu ilipofika 4,500, hafaidi kitu. Wastani wao ni nusu: 400 mara 1,250, yaani sh 500,000. Jumla sahihi ni milioni 3. Tofauti hiyo ya nusu milioni kwa siku ni sh milioni 182.5 kwa mwaka, na inaweza kupitisha mradi usiostahili.

Kosa la pili ni kuhesabu faida moja mara mbili. Ukishaingiza nauli iliyoshuka, usiongeze tena akiba ya mwenye basi kwenye matairi, springi na dizeli, maana ndiyo iliyoshusha nauli. Viwanja vikipanda bei kando ya barabara, navyo usivijumlishe. Bei hiyo ni muda uliookolewa, umevaa nguo nyingine. Kodi ya mafuta iondoe kabisa kwenye gharama, kwa sababu kwa nchi nzima ni fedha iliyohama mfuko tu.

Kisha jifunze kurudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka, sh 100 za mwaka wa 10 ni kama sh 32 leo, na za mwaka wa 20 ni sh 10. Ndiyo maana mwaka mmoja wa kuchelewa kwa mkandarasi huumiza kuliko watu wanavyodhani: gharama imeshalipwa, faida inasogea mbele.

Hayo yote yanasimama juu ya hesabu ya magari, na hii usiidharau. Hesabu siku 7 mfululizo, angalau siku 2 kati yake kwa saa 24, na fomu itenge pikipiki, bajaji, Hiace, fuso na semi-trela. Ukihesabu siku ya mnada peke yake umejidanganya. Ukihesabu msimu wa alizeti bila kurudi kipindi kingine, vilevile.

SWALI: Nauli ya daladala ikipanda kwa asilimia 20, mapato nayo yanapanda kwa 20?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Tafiti nyingi za mijini, hasa za nchi tajiri, huonyesha kuwa nauli ikipanda kwa asilimia 10, abiria hupungua kwa takriban asilimia 3 katika muda mfupi. Kwa kipimo hicho, nauli ya sh 500 ikifika 600 abiria wanapungua kwa asilimia 6, na mapato yanapanda kwa asilimia 12.8 tu. Baada ya miaka michache watu hununua pikipiki au huhamia karibu na kazi, na upungufu unaweza kufika mara mbili. Mapato yatakuwa yamepanda kwa asilimia 5.6 tu. Usiinakili hiyo 3 moja kwa moja, kwani palipo na bodaboda au umbali wa kutembea, abiria hukimbia haraka zaidi.

SWALI: Mbona mizani wanakuwa wakali kwa tani moja tu?
Dereva wa lori, Morogoro

JIBU: Uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya matairi manne yenye kikomo cha tani 10, ukiipakia 11, haiharibu asilimia 10 zaidi: 1.1 kwa kipeo cha nne ni 1.46, yaani asilimia 46 zaidi. Tozo ya barabara iliyomo ndani ya dizeli ya ziada utakayochoma haikaribii kufidia kiasi hicho.