Hita inaunguruma, kitandani barafu

Kipupwe kimeshika. Miezi mingine watu hunipigia kwa sababu gari linachemsha. Kuanzia Juni mpaka Agosti wananipigia kwa sababu halipati joto. Wiki hii nimechukua maswali sita ya hita za tela na za gari. La kwanza na la nne nimeyajibu kwa kirefu, maana hayo mawili ndiyo yanayojaza gereji yangu hapa Mbeya kila baridi ikiingia.

Shikamoo fundi. Natembeza wageni Kitulo, na nina tela ya kulala niliyoinunua Afrika Kusini ikiwa imetumika. Ina hita ya gesi inayopuliza hewa ya moto kupitia matundu matano ya sakafuni. Mezani na jikoni wageni wanavua makoti. Chumba cha nyuma na msalani ni uvuguvugu tu. Fundi mmoja kaniambia hita imechoka, nitafute nyingine. (Muongoza wageni, Isyonje)

Marahaba. Hiyo hela iache kwanza mfukoni. Hita iliyochoka inachoka kotekote, haichagui chumba. Kama jikoni watu wanavua makoti, moto upo, ila haufiki unakotakiwa.

Chana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, washa hita, subiri dakika kumi, kisha uning'inize ukanda huo juu ya kila tundu, moja baada ya jingine. Usipime kwa mkono peke yake, mkono unadanganywa na joto. Ukanda ukiruka vizuri lakini hewa yenyewe ni vuguvugu, joto linamwagika njiani. Ukanda ukining'inia tu kama bendera isiyo na upepo, hewa yenyewe haifiki. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tuanze na hewa isiyofika. Mwaka jana niliitwa kwenye tela inayofanana na yako, malalamiko ni hayohayo. Nikalala chali chini ya kitanda, tochi mdomoni. Hewa ya nyuma ilikuwa inapita kwenye paipu ya alumini inayojikunja, ile nyembamba ya kipenyo cha sentimita kumi hivi, ambayo ukiibonyeza kwa kidole inabonyea na haijirudi. Mwenyewe alikuwa ameona nafasi nzuri chini ya kitanda akaifanya stoo. Gunia la viazi lilikuwa limeikalia ile paipu mpaka imelala kama chapati. Nikavuta gunia, nikapenyeza mkono ndani nikaifinyanga upya, na kabla sijatoka chini ya kitanda nikasikia tundu la chumbani limeanza kupumua. Malipo yangu siku ile yalikuwa viazi, na sikulalamika.

Kwa hiyo anza uvunguni, kwenye makabati na nyuma ya sinki. Kama hakuna kilichoikalia, angalia kona. Watengenezaji wengine huacha paipu ndefu kuliko safari yake, ikazunguka na kulegea mara mbili tatu, na kila kona inakula upepo. Kata iliyozidi, inyooshe, ifunge na kibano. Angalia pia kama imechomoka kwenye kiungo: nimekuta tela inayopasha kabati la sufuria tangu ilipotoka kiwandani.

Hewa ikifika lakini imepoa, kagua viungo, hasa kama paipu inapita chini ya sakafu ya tela, nje kabisa. Ikiwa haijavalishwa kitu, unapasha nyasi za Kitulo. Ivalishe sufi ya kuzuia joto, na viungo uvizungushie tepu ya alumini. Solotepu ya kawaida gundi yake inalainika kwa joto na mwezi haufiki inaning'inia.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa, nalo ni njia ya kurudi. Hita inanyonya hewa ya ndani ya tela, inaipasha, inaipuliza. Tafuta lile tundu kubwa lenye wavu, mara nyingi liko chini karibu na hita yenyewe. Nina hakika wageni wako wanaegemeza mabegi pale. Liachwe wazi na wavu upigwe brashi. Na mlango wa chumba cha nyuma ukifungwa ukabana sakafu, hewa ya moto itaingilia wapi wakati iliyomo haina pa kutokea? Acha mwanya wa vidole viwili chini ya mlango.

La mwisho kwako: kile kidude cha kuseti joto, kama kimefungwa jikoni, kinahisi joto la jikoni na kinazima hita huku chumbani bado wanatetemeka. Kihamishie ukuta wa ndani, mbali na jiko na matundu, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Ni waya mbili tu.

Kitulo nayo ina lake. Kule juu ni mita 2,600 na ushee, hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani, na hita yoyote ya gesi itatoa joto pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye kibati chake. Ila upungufu huo ungewagusa wote, jikoni mpaka msalani.

Fundi, niliona nifanye ujanja: nimeziba matundu yote ya mbele ili joto lote liende chumbani. Sasa hita inawaka dakika chache moto unazima, feni inaendelea, halafu moto unarudi. Nimeiharibu? (Mafinga)

Bado, lakini uko njiani. Ndani ya hita kuna swichi ya usalama inayokata gesi joto likizidi. Umeibana pumzi, inapata homa, swichi inakata. Ikipoa inawasha tena. Fungua matundu. Ukitaka kusukuma hewa nyuma, yale ya mbele yafunge nusu, usiyazibe, na soma kibati cha hita: nyingi zimeandikwa idadi ya matundu ambayo lazima yawe wazi. Hiyo swichi usiiunganishe moja kwa moja kwa waya hata ukiambiwa na nani.

Kaka, jioni hita inafanya kazi safi. Ikifika alfajiri feni inazunguka kivivu, moto hauwaki kabisa. Gesi ipo. (Mbalizi)

Betri. Feni ya hita inatumia umeme wa volti 12, na ndani kuna kiswichi chenye ulimi mwepesi unaosukumwa na upepo wa feni. Upepo usipokuwa na nguvu ulimi hausogei, na usiposogea hita hairuhusu gesi. Ni usalama, umewekwa makusudi.

Piga hesabu. Feni ikila ampea 8 na ikafanya kazi nusu ya usiku wa saa kumi, ni ampea-saa 40. Betri ya maji ya 100 usiitoe zaidi ya nusu, yaani 50. Ongeza taa na simu za watu wanne zinazochajiwa, alfajiri umeshaingia kwenye deni.

Chukua mita, upime kwenye nyaya za hita yenyewe wakati feni inazunguka. Betri ikionyesha 12.4 na kwenye hita ukakuta 11, betri haina kosa. Una waya mwembamba au athi, yaani waya wa kurudishia umeme, iliyoshika kutu. Futa kwa msasa, kaza. Na kama tela ilikaa miezi bila kutumika, angalia tundu la nje la kutolea moshi. Nyigu wa udongo wanapapenda sana pale.

Shikamoo mzee. Noah yangu nabebea abiria Mbeya na Tukuyu. Ina hita mbili, ya mbele na ya nyuma. Mbele joto linakuja nikipanda mlima, nikisimama kituoni linakata. Nyuma ni baridi siku zote, abiria wananisema. Nimebadilisha feni mbili. (Dereva, Uyole)

Marahaba, na pole kwa feni mbili. Hita ya gari haina moto wake, inaazima maji ya moto ya injini. Maji yakiwa pungufu, hewa inakaa mahali pa juu, na mara nyingi ni ndani ya hita. Ukipanda mlima injini inazunguka kwa kasi, pampu inasukuma maji kwa nguvu, joto linakuja. Ukisimama, pampu inalegea na hewa inarudi kukaa. Hita ya nyuma ndiyo yenye mateso zaidi, kwa sababu paipu zake zinatembea chini ya gari lote na hewa ikishaingia humo haitoki kirahisi.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta yenyewe utazame. Chupa ya akiba inaweza kuwa imejaa na rejeta ni tupu. Injini ikiwa ya moto usiguse mfuniko: hapa Mbeya, mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, na kinachoyazuia yasilipuke usoni kwako ni ule mfuniko tu.

Yakiwa pungufu, egesha gari pua ikitazama mlimani, seti hita zote mbili kwenye joto la mwisho, jaza kulanti (maji ya rejeta yenye dawa), washa injini mfuniko ukiwa wazi, na uwe unaminyaminya hozi huku viputo vikitoka. Ongeza, subiri, ongeza tena. Ukiona baada ya siku tatu yamepungua tena, kuna pa kuvuja, au gasketi ya silinda hedi imekwenda. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiondoke hapo.

Maji yakiwa sawa, injini ikiwa imepata moto, gusa kwa uangalifu hozi mbili zinazoingia kwenye hita. Zote za moto na bado baridi ndani: kasoro ni kile kilango cha hewa ndani ya dashibodi au kebo yake. Moja moto na nyingine baridi: hita imeziba kwa kutu, matunda ya kujazia maji ya mtoni. Zichomoe injini ikipoa, upitishe maji safi kinyumenyume, kwa presha ndogo, mpaka yatoke bila rangi ya kutu.

Na swali ambalo dereva wa huku lazima aulizwe: thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo? Magari mengi yanakuja kwangu imetolewa. Gari lilichemsha mahali, fundi akaitoa, likaacha kuchemsha, kila mtu akafurahi. Hiyo ni tiba ya joto la pwani, na huku inaleta ugonjwa mwingine. Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini haifikii joto lake, hita inakosa cha kuazima, na mafuta yanaliwa zaidi. Tazama geji ukipanda kutoka Igawilo kwenda Isyonje asubuhi. Mshale ukikaa chini wakati injini inakazana, jibu unalo. Nunua inayofunguka kwenye nyuzi 82 na inayolingana na injini yako, na kama gari litachemsha tena, tafuta kilicholichemsha.

Usiku wa manane moto wa hita unanyong'onyea, mtungi umetoka jasho la baridi nje, lakini nikiutikisa bado mzito. Nimeuziwa gesi feki? (Makete)

Pengine hapana. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili itoke lazima ichemke. Mitungi yetu ina mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani hugoma ikikaribia sifuri, na sifuri Makete mnaijua. Propani hutangulia kutoka, kwa hiyo mtungi ulio nusu unabaki na butani nyingi. Tena kadiri gesi inavyotoka ndivyo mtungi unavyozidi kupoa, ndiyo hilo jasho.

Tumia mtungi mkubwa badala ya mdogo, anza usiku wa baridi na uliojaa, uweke juu ya ubao badala ya udongo uliolowa, mahali pasipopigwa na upepo lakini nje ya tela. Usiupashe kwa moto wala maji yanayochemka. Na kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo uone kama gesi inavuja.

Fundi, haya yote ya nini? Mkaa ukishashika vizuri hauna moshi. Mimi naingiza jiko kwenye tela, nafunga, tunalala vizuri tu. (Njombe)

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Mkaa usio na moshi ndio wa hatari zaidi kwa sababu hauna cha kukuonya. Unatoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na tela ni chumba kidogo kilichozibwa makusudi baridi isiingie. Watu wawili humo wakianza kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, si malaria: fungueni mlango, tokeni nje wote, mwende hospitali. Hata hita ya gesi, ukiona moto wake umekuwa wa njano na masizi yanashika kwenye tundu la moshi, izime mpaka ikaguliwe.

Wakati unasubiri hita itengenezwe, chemsha maji nje, jaza chupa, ifunge kwa taulo, iingize kitandani nusu saa kabla ya kulala. Na blanketi la pili usijifunike, litandike chini ya godoro. Kwenye tela baridi hupandia sakafuni.