"Killed": aliyeua ni nani?

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa jiografia, skuli moja hapa Wete. Nataka toleo jipya la QGIS, programu ya ramani, ili wanafunzi wazifanyie kazi picha za droni za Pemba. Lile linalokuja na Ubuntu 22.04 ni 3.22. Nimepakua msimbo chanzo nikafuata maelekezo: cmake, kisha make -j8. Laptopu ina RAM ya GB 4 na betri yake imeshakufa. Mara ya kwanza ilifika kati ikaandika Error 2. Nikarudia, ikasogea, umeme ukakatika. Tangu hapo kila nikianza inakwama pengine kabisa na kuandika Error 1. Maktaba zote nimeshaziweka. Naambatanisha kumbukumbu za mara zote mbili.

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Una maradhi mawili tofauti, na wewe unayatibu kama moja.

Kwanza uizoee make, programu inayoendesha kazi yote ya kujenga. Ile Error 2 ya mwisho ni mpiga mbiu tu, anatangaza kuwa kuna msiba. Maiti yuko juu huko. Na kwa kuwa umeandika -j8, kazi nane zinakwenda pamoja, kwa hiyo moja ikishaanguka zile saba bado zinaendelea kumwaga maneno yao juu yake. Mimi nimemkuta mistari kama arobaini kabla ya mwisho:

c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Huyo cc1plus ndiye kikompaila cha C++ chenyewe. Hapo msimbo hauna kosa, wala hapakosekani maktaba. Kernel, yaani kiini cha mfumo, imeishiwa RAM, ikachagua mchakato mnene kuliko wote ikauua. Andika sudo dmesg | grep -i "out of memory" na utaona jina la aliyeuawa. QGIS ni C++ iliyojaa Qt (maktaba ya kuchorea madirisha), na faili moja tu linaweza kula zaidi ya GB 1 wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Ni kupandisha wachumaji wanane kwenye mkarafuu mmoja mchanga. Aliyeandika -j8 kwenye maelekezo yale alikuwa na mashine yake, si yako.

Tumia make -j1, yaani kazi moja moja, na uongeze swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Ubuntu kwa kawaida huwa imeshatengeneza /swapfile, basi usiliguse, tengeneza jengine:

sudo fallocate -l 8G /swapu2
sudo chmod 600 /swapu2
sudo mkswap /swapu2
sudo swapon /swapu2

Itakwenda polepole, na kama diski yako ni ile ya kuzunguka, polepole sana. Sehemu nzito kuliko zote ni ile ya kuunganisha Python. Unaweza kuizima kwa -DWITH_BINDINGS=OFF kwenye cmake, lakini programu-jalizi za Python hutazipata, na kwa darasa mimi nisingeizima.

Sasa la pili, ambalo watu wa kwetu tunakutana nalo zaidi kuliko wanaoandika maelekezo. Ukisimamisha make kwa Ctrl+C, inalifuta faili lililokuwa linaandikwa. Umeme ukikatika haipati nafasi hiyo. Linabaki faili la .o (kipande kilichokwisha kukompailiwa) tupu au nusu, lakini tarehe yake ni mpya, na make inaangalia tarehe tu: inaliona jipya, inalipita. Baadae kiunganishi, kinachounga vipande hivyo kuwa programu moja, kinalifungua na kulalamika "file not recognized". Kwenye kumbukumbu yako ya pili mstari huo umo, juu tu ya collect2, ambayo ndiyo inayokiita kiunganishi. Futa matupu, ukiwa ndani ya folda ya kujengea:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Yaliyoandikwa nusu hayafutiki kwa amri hiyo. Hilo atakalolitaja kiunganishi kwa jina lifute kwa mkono. Yakizidi matatu, futa folda ya kujengea yote uanze upya. Najua inauma. Na kwa laptopu isiyo na betri, UPS ndogo ina faida kuliko RAM utakayoongeza.

Lakini mwalimu, kama haja yako ni toleo jipya tu, usikompaili. Mradi wa QGIS wenyewe una hazina yake ya vifurushi vya Ubuntu; unaiongeza kwenye apt (kisakinishi cha Ubuntu), unapakua, dakika chache unafungua picha zako. Kukompaili kunafaa ukitaka kubadilisha kitu ndani ya programu.

Ukiamua kuendelea, endesha hivi:

make -j1 2>&1 | tee jengo.log
grep -n -m1 'error:' jengo.log

Nitumie mstari huo wa kwanza pamoja na kumi iliyo juu yake, kwa maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu siwezi kuisoma.